Mistari Sita ya Silantoi

Sekei, Arusha
Jumamosi, 9 Agosti 2025

Shikamoo Mwalimu Anyesi,

Kuna sauti moja haijanitoka tangu Septemba ya mwaka jana: sauti ya Silantoi akimeza mate mbele ya kipaza sauti. Kanisa zima liliisikia. Spika zilikuwa zimefunguliwa mpaka mwisho, kama ilivyo kila Sikukuu ya Mikaeli na Watoto, siku ambayo watoto huongoza ibada yote na sisi wakubwa tunakaa kusikiliza. Tulikuwa tunangoja mstari wa kwanza. Ikaja ile sauti, kama kokoto imetumbukia kwenye ndoo ya maji, na baada yake hapakuja kitu. Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, walicheka kama wakubwa wanavyomchekea mtoto. Lakini walicheka.

Wewe hujamwona Silantoi. Ana miaka kumi, yuko darasa la nne. Kwao ni Kisongo, nyumba inayozungumza Kimaasai kuanzia kuamka mpaka kulala, na alikuja hapa Sekei mwaka juzi kukaa na mama yake mdogo, Namnyaki, ili asome. Kiswahili alikikuta mjini. Tangu siku ile hasemi darasani. Akiitwa anasimama, anatazama ubao, anangoja aambiwe akae. Kwenye shule yangu ya Jumapili anakaa karibu na mlango.

Mwaka huu nimemwandika tena, kwa mistari sita ile ile. Sikumuuliza. Niliona kwamba nikimuuliza atakataa, na akikataa hofu itakuwa imeshinda milele. Kila jioni anakuja chumbani kwangu tunaisema mara arobaini. Nahesabu kwa punje za mahindi kwenye sahani. Anaijua kama jina lake. Lakini jana, punje ya thelathini na moja, alitoka nje akatapika kando ya karo. Nikamfuta mdomo, nikamwambia, "Zimebaki tisa tu." Mwalimu, niliyasikia maneno yangu baada ya kuyatoa.

Baba yake, Meitamei, alinipigia simu kutoka Kisongo. Alisema, "Mwalimu, huyu akinyamaza tena mbele za watu, namchukua. Ng'ombe hawadai risala." Alicheka, ila hatanii. Ameshaambiwa na ndugu zake kwamba anapoteza ada kwa mtoto bubu.

Nakuandikia kwa kuwa simu haifai tena kwa masikio yako, na kwa kuwa mimi mwenyewe, nilipokuwa mtoto, ni wewe uliyenisimamisha mbele ya kanisa. Sifaeli atakuletea bahasha akirudisha madumu yake ya maziwa. Zimebaki wiki saba. Nifanye nini?

Eunike


Akheri, Meru
Alhamisi, 14 Agosti 2025

Marahaba, Eunike mwanangu,

Sifaeli amefika na barua inayonuka mtindi. Nimeisoma kibarazani, mbuzi wakinichungulia.

Mtoto akishatapika, punje zilizobaki wape kuku.

Umemfundisha mistari. Hujamfundisha kukwama. Wewe unakumbuka ulisimama kanisani ukasema yote bila kosa, na umejengea juu yake mpaka ukapata shahada ya ualimu. Hukumbuki kwamba wiki tatu kabla nilikutuma kwa wachumaji wa kahawa, ukawasomea, ukakwama, nao wakaendelea kuchuma. Siku ya pili ukakwama tena. Mama mmoja akakwambia, "Ukimaliza kufikiri tuambie, sisi tupo mpaka jioni." Ulirudi kwangu umekasirika, na mtoto aliyekasirika hana nafasi ya kuogopa.

Mtafutie watu ambao kukwama mbele yao si kitu. Fundi cherehani, muuza mkaa, yeyote mwenye kazi mikononi. Halafu mkwamishe makusudi. Akifika mstari wa tatu, piga kofi, muulize leo mmekula nini, kisha mwache atafute njia yake ya kuendelea. Wewe unyamaze. Najua hilo la mwisho ndilo gumu.

Nina swali. Barua yako inafika kwenye kicheko, kisha inaruka mwaka mzima. Watu walipocheka, ikawaje? Aliondokaje pale mbele? Na wewe ulikuwa wapi?

Anyesi


Sekei
Jumapili, 24 Agosti 2025

Shikamoo Mwalimu,

Nilifanya ulivyosema. Nilimpeleka kwa Magdalena, fundi wa pale getini kwetu. Magdalena akasema, "Soma mwanangu. Sikio moja ni lako, lingine la cherehani." Silantoi akaanza, sauti yake ikiwa chini ya ile ya mashine. Mstari wa pili uzi ukakatika, cherehani ikasimama, kukawa kimya. Magdalena akanyanyua macho: "Uzi wangu umekatika. Na wewe umekatika?"

"Mimi sijakatika," Silantoi akasema, na akaendelea.

Ni mara ya kwanza kumsikia akitania kwa Kiswahili. Tumekwenda kwa Magdalena siku sita. Namkwamisha, anajikwamua. Siku moja nilimuuliza katikati ya mstari wamekula nini, akajibu, "Makande, na usinivuruge." Nilidhani tumefika.

Jana tulifanya mazoezi kanisani. Nilikaa kiti cha mbele na karatasi ya mistari, kama kawaida. Akapanda ngazi tatu, akashika kipaza sauti, akaniona. Mwalimu, nilimwona akifunga mdomo. Macho hayakuwa usoni kwangu. Yalikuwa chini kidogo, mapajani, nilipoweka karatasi. Nikainua mkono kumtia moyo. Akateremka, akachukua ndala zake mlangoni, akaenda zake. Blessing wa darasa la sita akasema kwa sauti ya kusikika, "Huyo kila mwaka anakuja kutusalimia tu." Watoto wakaangua kicheko, na mimi nikawakemea kwa ukali ambao si wao peke yao walioustahili.

Umeuliza siku ile aliondokaje. Aliondoka tu. Aliteremka akaenda kwenye benchi. Mimi nilikuwa mbele, mahali pa mwalimu. Hakuna zaidi.

Namnyaki ameniambia Meitamei atakuja mwenyewe siku ya sikukuu, aone kwa macho yake. Nikilifuta jina la mtoto, atamchukua kwa kuwa ameshindwa. Nikiliacha, akinyamaza, atamchukua mbele ya watu wote. Wiki tano.

Eunike


Akheri
Alhamisi, 28 Agosti 2025

Eunike,

Umeandika "hakuna zaidi" na kalamu imekandamiza mpaka imetokea upande wa pili wa karatasi. Sawa. Sitakuuliza tena.

Mtoto anayemtania Magdalena si mtoto wa hofu ninayoijua mimi. Kuna kitu pale mbele tusichokiona. Mwambie aniandikie. Aandike anachotaka, afunge bahasha mwenyewe, ampe Sifaeli mkononi. Usiisome. Usimsahihishie hata nukta. Muulize kwa niaba yangu jambo moja tu: pale mbele anaogopa nini?

Anyesi


Sekei
Jumatano tarehe 3 mwezi wa 9

Kwa Bibi Mwalimu Anyesi,

Shikamoo bibi. Mimi ni Silantoi Meitamei. Mwalimu Eunike amesema niandike kitu chochote na yeye hatasoma. Bahasha nimeziba na uji.

Umeuliza naogopa nini. Watu siwaogopi. Kisongo kwenye harusi watu ni wengi na ninaimba mbele. Maiki siogopi, ila inanuka mdomo.

Mwaka jana nilimeza mate kwanza kwa sababu koo ilikuwa imekauka. Nilikuwa nataka kuanza. Watu wakacheka kidogo. Mwalimu Eunike alikuwa amekaa mbele akaniambia rudi. Alisema mara mbili, rudi, rudi, na mkono akafanya hivi kama unafukuza kuku. Nikarudi. Watu wakacheka sana.

Sikujua kosa langu maana nilikuwa bado sijasema. Nikafikiri labda ni sweta. Wenzangu walivaa nyeupe na mimi nilivaa ya Lesian wa mama mdogo, ya kijani.

Sasa amesema nisome tena. Mistari ninaijua. Lakini nikisimama pale naangalia mkono wake kama utaniambia tena rudi. Siwezi kuangalia mkono na kusoma. Kwa fundi Magdalena mwalimu anakaa nyuma yangu, sioni mkono.

Baba anafikiri mimi ni mwoga. Sikumwambia nilifukuzwa kwa sababu angekuja kumuuliza mwalimu.

Usimwambie vibaya. Yeye ni mzuri, ananipa chai na andazi. Ukitaka kumwambia, mwambie polepole.

Mbuzi wako ni wangapi?

Ni mimi
Silantoi


Akheri
Jumatatu, 8 Septemba 2025

Eunike mwanangu,

Ndani ya bahasha hii utakuta karatasi ya mtoto. Ameniruhusu nikwambie, kwa sharti kwamba iwe polepole. Kwa hiyo kwanza kaa chini.

Umeisoma? Sasa nisikilize.

Neno ulilosema nalijua bila kuambiwa, kwa maana ni langu. "Rudia, rudia." Na mkono unauzungusha hewani, kwamba aanze tena toka juu. Miaka thelathini na moja nimeuzungusha mkono huo mbele ya watoto wa Kimeru, na wewe ukiwa mmoja wao, ukaurithi kama watu wanavyorithi pua. Ukinong'ona katikati ya kicheko, ile "a" ya mwisho haifiki popote. Mtoto mwenye Kiswahili cha mwaka mmoja alipata "rudi". Hilo alilijua. Ndilo neno la kwanza mgeni kujifunza kwenye mlango wa watu.

Hakukimbia. Alitii. Mwaka mzima tumemwita mwoga mtoto aliyetii. Na mimi nikakuandikia dawa ya ugonjwa wa mtu mwingine, nikiwa nimeridhika sana na hekima yangu. Hata hivyo usiitupe. Kukwama kutamkuta siku moja, na sasa anajua njia ya kutokea.

Usinijibu mimi. Mjibu yeye.

Anyesi

Mwambie mbuzi ni saba, na mmoja ana mimba.


Sekei
Jumatano, 10 Septemba 2025

Mpendwa Silantoi,

Bibi Anyesi amenionyesha barua yako, kama ulivyomruhusu. Nimeisoma mara nyingi. Naweza kukuambia kwa mdomo, lakini nikiandika unaweza kuisoma ukiwa peke yako, na ukitaka kukasirika ukasirike bila mimi kukutazama.

Siku ile nilisema "rudia". Nilitaka uanze tena. Nilisema kwa kunong'ona, vibaya, na mkono wangu ulifanya kitu ambacho ni kweli kinafanana na kufukuza kuku. Nimejaribu mbele ya kioo. Unasema kweli.

Hukuwa na kosa. Sweta haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu, na baada ya kulifanya sikuja kukuuliza kwa nini ulishuka. Niliona ni rahisi zaidi kusema uliogopa.

Nilikuandika mwaka huu bila kukuuliza. Sasa nakuuliza. Unataka kusoma au hutaki? Ukisema hutaki, nitalifuta jina, na nitamweleza baba yako sababu ni mimi. Chai na andazi vitakuwepo kwa vyovyote.

Mbuzi wa bibi ni saba. Mmoja ana mimba.

Mwalimu Eunike


Sekei
Ijumaa tarehe 12 mwezi wa 9

Kwa Mwalimu Eunike,

Shikamoo mwalimu. Nimesoma barua yako. Nilikasirika Jumatano na Alhamisi. Leo sijakasirika sana.

Nitasoma. Lakini usikae mbele. Ukae nyuma kabisa mahali sikuoni. Na mtu mwingine asikae na karatasi kwenye kiti chako. Nikikwama usiseme kitu, hata rudia. Ninyamazie tu.

Baba usimwambie kwa simu. Twende Kisongo umwambie na mimi nikiwepo.

Silantoi


Sekei
Jumapili, 28 Septemba 2025, alasiri

Shikamoo Mwalimu,

Uliniambia nisikujibu wewe kwanza, na nimetii mpaka leo. Acha nianze na deni langu kwako. Nilijua nilisema neno. Sikujua mtoto alilisikiaje, lakini nilijua nilimnong'oneza mbele ya kanisa, na kwamba alishuka wakati ule ule. Nilikuficha. Nilijificha na mimi. Kila aliyeniuliza nilimwambia "alishikwa na hofu", na kila nilipolisema lilikuwa jepesi zaidi, mpaka nikaanza kumtibu.

Jumamosi iliyopita tulikwenda Kisongo. Nilimkuta Meitamei zizini. Njiani Silantoi alikuwa amenifundisha kusalimia, na mimi kwa wasiwasi nikamwamkia, "Takwenya." Ni salamu ya kuwaamkia wanawake. Vijana wake walicheka mpaka mmoja akaegemea ng'ombe. Meitamei hakucheka. "Endelea, mwalimu," akasema. "Umeanza vizuri."

Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Nilipofika kwenye "rudi" alimgeukia mtoto wake. Wakazungumza kwa Kimaasai, dakika kumi nadhani, mbele yangu, juu yangu, na mimi sikushika hata neno. Nikajikuta natazama mikono yao. Kila mkono wa baba ulipopanda nilidhani ananifukuza. Mwalimu, mimi mwenye miaka ishirini na sita na shahada, nilikuwa nimesimama kwenye samadi, nikitafuta kwenye vidole vya mtu kama bado naruhusiwa kuwa pale.

Mwisho akasema kwa Kiswahili, "Mwaka mzima nimemwita mtoto wangu bubu." Hakuniambia mimi. Kisha akaniambia mimi: "Nitakuja. Neno langu la kumchukua sijalifuta."

Wiki hii sikuweza kula vizuri. Juzi Mwinjilisti Nelson alipoona kiti changu hakina mtu kwenye mpango wake, alishtuka. "Sasa nani atamsaidia akikwama?"

"Hakuna."

"Hakuna? Mwalimu, baba yake anakuja."

"Ameshajifunza kukwama," nikasema. Sauti yangu haikuniamini.

Leo nilikaa benchi la mwisho, nyuma ya nguzo. Meitamei alisimama dirishani nje, na shuka lake jekundu, akakataa kuingia. Silantoi alivaa sweta ile ile ya kijani. Namnyaki alimnunulia nyeupe, akaikataa.

Alisema mstari wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Wa nne akafika katikati, akakwama.

Watu walianza kugeukiana. Mama mmoja mbele yangu akaanza kupiga makofi ya huruma, yale ya kumfunika mtoto ashuke salama, na wengine wawili wakamfuata. Nilikuwa nimekalia mikono yangu yote miwili. Mdomo wangu ulifunguka, nikaujaza mtandio. Silantoi alitazama kile kiti cha mbele. Kilikuwa kitupu. Akatazama makofi yakiendelea, na hakushuka. Alingoja yaishe, kama mtu anayengoja lori lipite avuke barabara. Yalipoisha akaanza mstari wa nne upya, akaumaliza, akasema wa tano, akasema wa sita. Kwenye wa sita alibadilisha maneno mawili. Akashuka kwa mwendo wa kawaida.

Nje nilimkuta baba yake anafunga shuka.

"Amekosea maneno mawili," akasema.

"Ndiyo."

"Na alinyamaza."

"Alinyamaza, ndiyo."

"Lakini hakushuka." Akamtazama Silantoi, aliyekuwa anagombana na Blessing juu ya soda. "Muhula ujao ada naleta mwenyewe. Nataka kuiona hiyo shule."

Ningependa kukuambia kwamba wasiwasi umeniisha. Haujaisha. Nina watoto kumi na tisa kwenye shule ya Jumapili, na saba kati yao nyumbani kwao hawasemi lugha ninayowafundishia. Sijui ni mara ngapi wengine wamenitii nikadhani wanaogopa.

Kwa hiyo nimemwomba Silantoi anifundishe Kimaasai, na amekubali. Mshahara wake ni andazi. Somo la kwanza lilikuwa Jumanne iliyopita, uani kwa Namnyaki, mbele ya kila aliyetaka kusikiliza. Nilikwama kwenye salamu ya pili. Lesian alicheka mpaka akadondosha kikombe, Magdalena akaja na tepu yake shingoni kuuliza kuna nini, akaketi kutazama. Silantoi hakunisaidia. Alikunja mikono, akangoja. Niliona aibu, na salamu sikuimaliza.

Alhamisi nilikwenda tena.

Eunike